Kuwasha gari la kisasa na mifumo ya kumsaidia dereva

Kuwasha gari la kisasa ni hatua za kuliamsha gari ambalo haliwashwi kwa kuzungusha ufunguo wa chuma bali kwa kubonyeza kitufe, baada ya kompyuta ya gari kuthibitisha kwamba anayewasha ana ufunguo halali. Mifumo ya kumsaidia dereva ni vifaa vya elektroniki vinavyotazama barabara kwa kamera, rada au sensa za sauti, kisha kumwonya dereva au kufunga breki, kuvuta usukani na kupunguza mwendo kwa niaba yake.

Nchini Tanzania mambo haya mawili kwa kawaida huja pamoja, ndani ya gari moja, kutoka nchi moja. Magari mengi ya watu binafsi yanayoonekana Dar es Salaam yalitumika kwanza Japani, nchi ambayo kama Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara. Kadiri miaka inavyokwenda, magari yanayoshushwa bandarini ni yale yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2010, na mengi yana kamera nyuma ya kioo cha mbele. Mwenye gari hukabidhiwa mashine yenye uwezo mkubwa, kitabu cha mwongozo kilichoandikwa Kijapani na skrini ya Kijapani. Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Makala hii inatoa mifano mingi kutoka Kigamboni, wilaya ya Mkoa wa Dar es Salaam iliyomegwa kutoka Temeke. Huko, ndani ya safari ya nusu saa, dereva hukutana na daraja lenye mistari iliyochorwa vizuri, pantoni, lami isiyo na mistari, matuta na barabara za mchanga. Ni mahali pazuri pa kujifunza kitu gani gari linaweza kukiona na kitu gani haliwezi.

Historia fupi

Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kupiga hendeli. Hendeli ilikuwa na desturi ya kurudi nyuma ghafla, na ilivunja mikono ya watu wengi. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na tangu hapo kuwasha gari kukawa kazi ya kidole. Ufunguo unaotambuliwa na gari ukiwa mfukoni ulianza kuuzwa kwenye magari ya Mercedes-Benz mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ukaenea hadi kwenye magari madogo ya bei nafuu.

Upande wa usalama, mkanda wa pointi tatu ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Breki zisizogandisha magurudumu, maarufu kwa herufi ABS, ziliingia sokoni mwaka 1978, na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke ukafuata mwaka 1995. Mwaka 2003 Honda iliuza nchini Japani gari aina ya Inspire lililoweza kujifungia breki likiona ajali inakuja. Subaru ilileta mfumo wake wa EyeSight mwaka 2008, na Toyota ikaanza kuuza Toyota Safety Sense mwaka 2015. Kuanzia Novemba 2021 Japani imezilazimisha aina mpya za magari ya abiria kuwa na breki ya dharura ya kujiendesha. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kama hilo kwa aina mpya Julai 2022, na kwa magari yote mapya Julai 2024.

Kuwasha

Gari la otomatiki lenye kitufe huhitaji mambo matatu kwa wakati mmoja: ufunguo uwe ndani ya gari, gia iwe kwenye P, na mguu uwe umekanyaga breki. Dereva akikanyaga breki, kwenye magari mengi ya Toyota taa ndogo iliyo juu ya kitufe hugeuka kijani. Kijani maana yake gari limemtambua mwenyewe na liko tayari. Akibonyeza mara moja, injini inawaka. Hakuna haja ya kushikilia kitufe kama tulivyokuwa tukishikilia ufunguo.

Asipokanyaga breki, kitufe kilekile hufanya kazi nyingine. Mbonyezo wa kwanza huwasha redio na soketi ya kuchajia, wa pili huwasha umeme wote wa gari bila injini, na wa tatu huzima. Taa ya kitufe huwa ya rangi ya machungwa muda wote huo. Dereva anayesikiliza redio kwenye foleni ya pantoni akiwa katika hali hii anakula betri, na zamu yake ikifika anaweza kukuta gari haliwaki. Mlio wa tiki-tiki badala ya mlio wa stata ni dalili ya betri iliyokwisha, na dawa yake ni kubusti kutoka gari lingine au kubadilisha betri.

Kwenye magari ya haibridi, kama Toyota Aqua na Prius, kubonyeza kitufe huenda kusilete mlio wowote. Gari huonyesha tu neno READY kwenye dashibodi, na kuanzia hapo liko tayari kuondoka kwa mota ya umeme. Ukimya huu ni hatari. Mtu anaweza kudhani gari limezimwa, akashuka na kuliacha mbele ya nyumba likiwa na watoto ndani, kumbe kukanyaga breki na kusogeza gia kunatosha kuliondoa. Neno READY likionekana, gari linahesabiwa kuwa limewaka.

Wenye magari kutoka Japani wanajua pia sauti ya mwanamke inayosema maneno ya Kijapani kila gari linapowashwa. Wengi huiita salamu. Kwa kweli sauti hiyo haisalimii mtu: mara nyingi inatoka kwenye kifaa cha kulipia barabara za Japani, nayo inalalamika kwamba kadi ya malipo haijachomekwa. Haina uhusiano wowote na usalama, na fundi umeme anaweza kukiondoa kifaa hicho bila kuligusa gari. Kadhalika redio inayokataa stesheni nyingi za Dar es Salaam si mbovu. Masafa ya FM ya Japani huanzia 76 MHz, na redio nyingi za huko zilitengenezwa kuishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Taa za dashibodi

Jambo muhimu kuliko yote wakati wa kuwasha huchukua sekunde tano, na madereva wengi hawalitazami. Umeme wa gari unapowashwa, taa za onyo kwenye dashibodi huwaka kwa pamoja, kisha huzimika moja baada ya nyingine kadiri kompyuta inavyomaliza kujipima. Taa inayobaki inasema kuna hitilafu. Nyekundu humtaka dereva asimame au asiondoke: mafuta ya injini hayana presha, injini imechemka, breki ina kasoro, betri haichajiwi. Ya rangi ya machungwa humtaka apeleke gari kwa fundi: injini, ABS, upepo wa matairi, mfumo wa kutoserereka.

Taa ambayo haikuwaka kabisa ni mbaya zaidi. Alama ya mtu aliyekaa mbele ya mpira, yaani mfuko wa hewa, lazima iwake na kuzimika. Isipowaka hata kidogo, kuna uwezekano kwamba gari lilishapata ajali, mifuko ya hewa ikafyatuka, haikurudishwa, na mtu akaichomoa taa ili mnunuzi asiulize. Anayenunua gari mkononi mwa mtu, awe Kigamboni, Temeke au Kinondoni, aombe kulizima na kuliwasha mwenyewe huku akizihesabu taa hizo. Muuzaji anayekuletea gari likiwa tayari limewaka amekunyima kipimo hicho, na una haki ya kumwomba alizime.

Ufunguo

Ufunguo wa kisasa, ambao wengi huuita rimoti, huongea na gari kwa mawimbi ya redio na hutumia betri ndogo ya mviringo kama shilingi. Betri hiyo ikifa, gari haliwi limekufa. Ndani ya ufunguo kuna ufunguo mdogo wa chuma unaochomolewa kwa kusogeza kilimi, na huo hufungua mlango wa dereva. Ukishaingia, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia hadi kilie, kisha bonyeza. Magari mengi ya Toyota yana njia hii. Watengenezaji wengine huweka mahali pengine pa kugusisha au kuchomeka ufunguo, na kitabu cha gari huonyesha.

Injini ikishawaka, gari haliuhitaji tena ufunguo ili kuendelea kwenda. Mume akishuka Feri na ufunguo mfukoni ili avuke kwa miguu kwenda mjini, na mke akaendelea na gari hadi Kibada, gari litapiga kelele kidogo lakini litafika. Likizimwa Kibada haliwaki tena mpaka ufunguo urudi kutoka ng'ambo. Kuzima gari si kosa lake, maana ndivyo lilivyotengenezwa ili kumzuia mwizi.

Kila anayeendesha gari la kitufe anapaswa pia kujua namna ya kulizima likiwa mwendoni, kwa siku ambayo pedali ya mafuta itanasa chini ya zulia. Kubonyeza mara moja hakutazima, kwa makusudi. Magari mengi huzimika kitufe kikishikiliwa kwa sekunde 2 au 3, au kikibonyezwa haraka mara tatu mfululizo. Kwanza, lakini, weka gia kwenye N na ukanyage breki kwa nguvu zote bila kupampu, kwa sababu injini ikizimika usukani na breki huwa vizito.

Breki ya dharura ya kujiendesha

Kati ya mifumo yote ya kumsaidia dereva, huu ndio unaostahili kuelezwa kwa kirefu.

Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva wa kawaida huhitaji kama sekunde 1.5 tangu aone hatari hadi mguu ubonyeze breki, na katika muda huo gari limekwishakwenda mita 21. Kwenye lami kavu breki nzuri huhitaji mita 14 nyingine. Jumla ni mita 35. Kwa kilomita 80 kwa saa hesabu ileile inatoa mita 33 za kushtuka na mita 35 za breki, jumla karibu mita 68. Mwendo umeongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu, lakini umbali wa kusimama umekaribia kuwa mara mbili. Mvua ikinyesha, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Breki ya kujiendesha hupambana na zile mita za kushtuka. Kamera au rada hupima umbali hadi kitu kilicho mbele na kasi ya kukikaribia, kisha kompyuta inagawa na kupata sekunde zilizobaki kabla ya kugongana. Zikiwa chache, gari hupiga king'ora na kuonyesha maandishi mekundu. Dereva akikanyaga breki kwa woga, gari humwongezea nguvu. Asipokanyaga kabisa, gari hujifungia breki lenyewe. Hata pale linaposhindwa kusimama kabisa, faida ni kubwa: nguvu ya kugonga hupungua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari lililoshushwa kutoka kilomita 50 hadi 20 kwa saa hugonga kwa asilimia 16 tu ya nguvu ya awali.

Mifumo hii haifanani, ingawa wauzaji huitaja kana kwamba ni kitu kimoja. EyeSight ya Subaru hutumia kamera mbili juu ya kioo cha mbele, zikipima umbali kama macho mawili ya binadamu. Toleo lake la 2010 liliweza kusimamisha gari kabisa pale tofauti ya mwendo na kilicho mbele haizidi kilomita 30 kwa saa, na toleo la 2014 likafikisha kama 50. Toyota Safety Sense ya 2015 ilikuja kwa aina mbili. Aina P, ya magari makubwa, ilikuwa na rada na kamera na iliweza kumtambua mtu anayetembea. Aina C, iliyofungwa kwenye magari madogo kama Vitz, ilitumia miali ya leza na kamera, na mwanzoni ilitambua magari tu. Kizazi cha pili, kilichoanza 2018, kiliongeza watembea kwa miguu usiku na baiskeli mchana.

Basi fikiria maana yake katika barabara ya Mjimwema saa moja jioni. Mtu aliyenunua Vitz ya 2016 akaambiwa "hii inajifungia breki yenyewe" anaweza kuamini kwamba italinda watoto wanaovuka kutoka shule. Aina C ya mwanzo haikutengenezwa kumwona mtoto. Hata mifumo inayotambua watu ina mipaka ambayo watengenezaji wenyewe wameiandika vitabuni: mtu mfupi kuliko mita 1, mtu aliyebeba mzigo mkubwa, mtu aliyeinama, mtu anayejitokeza ghafla nyuma ya gari lililosimama. Mama aliyejitwisha ndoo kichwani, mkokoteni uliopakiwa madumu, mbuzi, bajaji inayokatiza kutoka pembeni, bodaboda isiyo na taa: kompyuta iliyofunzwa kutambua mgongo wa gari na umbo la mtu aliyesimama wima huenda isivitambue, au ivitambue ikiwa imechelewa.

Mfano mwingine ni lori lililoharibika barabarani usiku. Dereva wa Afrika Mashariki akiona matawi ya miti yametandazwa kwenye lami hupunguza mwendo mara moja, kwa kuwa anajua mbele kuna gari bovu. Kwa kamera ya gari, matawi hayo hayana maana yoyote.

Upo pia upande wa pili, wa gari kuona hatari isiyokuwepo. Mlango wa chuma, ngazi ya pantoni inayoinuka mbele, kizuizi cha malipo darajani au nyasi ndefu zinaweza kuliamsha onyo. Toyota huelekeza kwamba mfumo wa kuzuia kugongana uzimwe gari linaposafirishwa kwa lori, treni au chombo cha majini. Mpandaji wa pantoni ya Kigamboni hufanya hivyo bila kujua, kwa kuwa akishaegesha huzima gari. Anachopaswa kuzingatia ni kuingia polepole kabisa, kwani mifumo mingi ya aina hii haifanyi kazi chini ya kilomita 10 hivi kwa saa. Sensa za bampa, ambazo hupima kwa mawimbi ya sauti umbali wa mita moja au mbili, zitalia tu magari yakibanana. Kelele hizo si hitilafu.

Mistari ya barabara na mwendo wa kujiongoza

Daraja la Nyerere linalounganisha Kurasini na Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 na njia sita. Juu yake mfumo wa kuonya gari linapotoka kwenye mstari hufanya kazi kama ulivyokusudiwa. Dereva akisogea bila kuwasha indiketa, gari hulia, na aina nyingine huuvuta usukani kidogo. Anayepigana na usukani wakati wa kupita gari lingine kwa kawaida amesahau indiketa. Akiiwasha, mfumo huelewa kwamba amekusudia.

Ukishaacha barabara zenye mistari, mfumo huu hulala. Taa yake kwenye dashibodi hubadilika rangi au kufifia, na dereva asidhani bado anasaidiwa. Mistari iliyofutika nusu ni mibaya kuliko kutokuwepo mistari, kwa sababu kamera inaweza kushika mstari wa zamani au alama ya tairi kwenye mchanga.

Mwendo wa kujiongoza, unaoshika kasi uliyochagua na kupunguza ukikuta gari mbele, ulitengenezewa barabara kuu ndefu. Aina nyingi za miaka ya mwanzo hujitoa mwendo ukishuka sana, na rada zake hufuata magari yanayotembea kuliko yaliyosimama. Kwenye barabara yenye matuta, vituo vya daladala na bodaboda zinazoingia katikati, hauna kazi. Mtu asiutumie Kigamboni hata kidogo, na mvua ikinyesha asiutumie popote.

Mchanga

ABS huachia na kukamata breki mara nyingi kwa sekunde ili magurudumu yasigande na usukani uendelee kutii. Pedali hutetemeka chini ya mguu, na wageni wa mfumo huu hushtuka na kuachia. Isiachiwe: ikanyagwe mpaka gari lisimame. Lakini juu ya mchanga au changarawe gari lenye ABS linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko lisilo nayo, kwa sababu gurudumu lililoganda hukusanya mchanga mbele yake kama kabari. Kwenye njia za mchanga za Kimbiji na Pemba Mnazi, umbali kati ya magari ndio breki ya kwanza.

Mfumo wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure nao una tabia yake mchangani. Gari likinasa, kompyuta inaona gurudumu linateleza na kukata nguvu ya injini, kwa hiyo dereva anakanyaga mafuta na injini inagoma. Fundi wa mtaani anaweza kusema injini imechoka. Kitufe chenye picha ya gari linaloserereka na neno OFF huondoa kizuizi hicho. Gari likitoka, kibonyezwe tena ili mfumo urudi, maana ndio unaookoa gari lisigeuke kwenye kona ya lami yenye maji.

Mambo yanayoharibu macho ya gari

Kamera ya mbele iko juu ya kioo, karibu na kioo cha katikati cha kutazama nyuma. Stika ya bima, tinti, au pambo linaloning'inia mbele yake ni sawa na kumfunga mtu kitambaa. Kioo cha mbele kikipasuka kwa jiwe, kioo kipya kisipokuwa cha aina ileile na kamera isipopangwa upya kwa kompyuta maalumu, umbali utapimwa kwa makosa. Makosa madogo ya pembe huwa mita nyingi kule mbele.

Rada huwa nyuma ya nembo ya mbele au ndani ya bampa. Ngao ya chuma inayofungwa mbele huizuia, na bampa lililopigwa puti nene na kurudiwa rangi hupunguza nguvu yake. Desturi ya kulinyanyua gari kwa spesa ili lisiguse matuta inaeleweka kabisa kwa mtu anayeishi ndani ya Tungi au Kibada, ila kamera iliyopangwa kwa urefu wa kiwandani sasa inatazama kutoka mahali pengine. Baada ya kazi kama hiyo mfumo upangwe upya, na kama hakuna anayeweza, ni salama zaidi uzimwe kuliko kuuamini. Hewa ya bahari nayo hutia kutu kwenye soketi za waya za sensa. Kuosha chini ya gari kwa maji baridi mara kwa mara husaidia, na kufuta kioo mbele ya kamera kila asubuhi kabla ya kuondoka hakugharimu kitu.

Taa kali za kujiendesha hujishusha zikiona taa za gari linalokuja. Haziwezi kumwona mwenye baiskeli asiye na taa, ambaye atapofushwa. Dereva azishushe kwa mkono.

Nani anaendesha

Wahandisi hugawa magari katika ngazi kuanzia 0, ambapo mtu hufanya kila kitu, hadi 5, ambapo gari halihitaji dereva mahali popote. Magari yanayoingia Tanzania na mifumo iliyoelezwa hapa hayapiti ngazi ya 2: gari linaweza kushika usukani na mwendo kwa muda, lakini mtu lazima atazame barabara wakati wote na mikono iwe tayari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humwajibisha dereva, na trafiki hatamwandikia faini kompyuta.

Mifuko ya hewa ya Takata

Jambo moja la zamani kidogo linawahusu wakazi wa pwani kuliko watu wa bara. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifyatulio vya mifuko ya hewa vyenye kemikali inayoharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Kifyatulio kilichoharibika hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Vifyatulio takriban milioni 100 vilirudishwa duniani kote kwa ajili ya kubadilishwa, vikiwamo vya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru, na Takata yenyewe iliomba kufilisika mwaka 2017. Gari lililosafirishwa kutoka Japani kabla ya kubadilishiwa kifyatulio linakuja nacho, na joto la Dar es Salaam linaendelea na kazi yake.

Watengenezaji wa Japani wana kurasa za intaneti ambapo mwenye gari huandika namba ya chesisi na kuonyeshwa kama gari lake lina kazi ya usalama ambayo haijafanywa. Kurasa hizo ni za Kijapani, lakini programu ya kutafsiri ya simu inatosha. Namba ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani ni fupi kuliko ile ya tarakimu na herufi 17 inayotumika kwingineko: huanza na herufi na namba za aina ya gari, kisha kistari, kisha namba ya mfululizo. Imepigwa kwenye chuma cha gari, hurudiwa kwenye kibati cha utambulisho, na imeandikwa pia kwenye kadi ya gari.